Asiyekubali Kushindwa si Mshindani? Kanuni, Mwamuzi na Haki katika Mashindano ya Wanafunzi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza suala la haki katika kubadilishwa kwa kanuni na katika uamuzi wa mashindano ya wanafunzi. Mkazo umewekwa kwenye mashindano ya roboti, ambayo ni mageni kiasi katika shule za Afrika Mashariki, lakini mifano inatolewa pia katika kandanda, ushairi na tamasha la drama la Kenya. Hoja kuu ni kwamba methali isemayo "asiyekubali kushindwa si mshindani" inamfunga mshindani pale tu ambapo kanuni ilijulikana mapema, ilieleweka, na ilitekelezwa na mwamuzi asiye na upande. Makala yanaonyesha pia kwamba suala hili ni la lugha kwa kiwango kikubwa, na kwa hiyo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mashindano ni sehemu ya elimu ya Mkenya tangu shule ya msingi. Mwanafunzi wa Kitale au wa Bungoma huweza kumaliza masomo ya sekondari akiwa amepitia uwanja wa michezo, jukwaa la drama, tamasha la muziki na maonyesho ya sayansi. Jina la St Anthony's ya Kitale halitajwi bila kandanda na magongo kukumbukwa, na la Friends School Kamusinga, katika Kaunti ya Bungoma, linaandamana vivyo hivyo na mchezo wa magongo. Katika miaka ya karibuni uwanja mwingine umefunguka, nao ni roboti. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya kuwafundisha wanafunzi uandishi wa programu za kompyuta, na miradi ya mashine zinazojiendesha si jambo la kustaajabisha tena katika maonyesho ya sayansi ya shule.

Uwanja mpya huja na migogoro mipya. Roboti haitengenezwi kwa siku moja. Wanafunzi hupima, hukata, huunganisha nyaya, huandika programu, huijaribu, huivunja, huanza tena. Kazi hiyo yote hujengwa juu ya msingi mmoja, yaani maneno ya kanuni. Kanuni ikisema urefu usizidi sentimita 30, mashine itaundwa kwa kipimo hicho. Kanuni hiyo ikibadilishwa wiki moja kabla ya siku ya mashindano na kusema sentimita 25, kazi ya miezi inageuka chuma chakavu. Hapo ndipo swali la makala haya linapozuka: ni lini mabadiliko ya kanuni huwa ya haki, na ni lini huwa dhuluma iliyovaa joho la utaratibu?

2.0 Maneno na uzito wake

Kabla ya kuingia katika hoja, ni vyema kuyapambanua maneno yanayotumika. Kiswahili kina "sheria" na "kanuni", yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu. Katika matumizi ya kawaida, sheria hubeba mamlaka ya dola au ya dini, ilhali kanuni ni utaratibu ambao watu wa shughuli fulani wamekubaliana kuufuata. Mshindani hazaliwi chini ya kanuni kama raia anavyozaliwa chini ya sheria. Yeye huingia katika kanuni kwa hiari yake. Kwa sababu hiyo, kanuni ya mashindano ina sura ya ahadi. Waandaaji humwambia mshindani: ukifanya hivi, utapata alama hizi. Kuibadilisha baada ya mshindani kutimiza upande wake ni kuvunja ahadi, hata kama kitabu cha mwongozo kinawapa waandaaji mamlaka ya kufanya hivyo.

Neno la pili ni "mwamuzi". Viwanjani husikika zaidi "refa", na katika matamasha "jaji", maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza. Lakini "mwamuzi" lina hazina ambayo hayo mengine hayana. Kitenzi "amua" hakimaanishi kukata shauri tu. Humaanisha pia kuwatenganisha watu wanaopigana. Anayeamua ugomvi husimama katikati, na akiegemea upande mmoja hapo hapo anakoma kuwa mwamuzi na kuwa mpiganaji wa tatu. Maana hii ya kusimama katikati ndiyo msingi wa kila kinachosemwa juu ya uadilifu wa marefa.

Neno la tatu ni "haki", ambalo halina budi kutofautishwa na "usawa". Kuwapa wote kitu kile kile ni usawa. Kumpa kila mmoja anachostahili ni haki. Tofauti hii itarejelewa hapa chini, kwa kuwa mabadiliko mengi ya kanuni hutetewa kwa hoja ya usawa ilhali yanakosa haki.

3.0 Aina tatu za mabadiliko ya kanuni

Malalamiko mengi kuhusu kanuni huchanganya mambo matatu yaliyo tofauti: mabadiliko ya kabla ya msimu, mabadiliko yaliyoahidiwa, na mabadiliko ya katikati ya safari.

3.1 Mabadiliko ya kabla ya msimu

Kandanda ni mchezo wa zamani wenye mfano ulio wazi. Bodi ya kimataifa inayotunga sheria zake ilianzishwa mwaka 1886, na imezibadilisha mara nyingi. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilirekebishwa ili mshambuliaji ahitaji wapinzani wawili, badala ya watatu, kati yake na mstari wa goli. Athari yake ilikuwa kubwa. Katika ligi ya Uingereza, mabao yaliongezeka kutoka 4,700 katika msimu wa 1924–25 hadi 6,373 katika msimu uliofuata. Mabeki waliokuwa wamejenga ustadi wao wote juu ya mtego wa kuotea walipoteza silaha yao. Hata hivyo, hawakudhulumiwa. Badiliko lilitangazwa kabla ya msimu, liliwahusu wote, na halikurudi nyuma kufuta matokeo yaliyokwisha kupatikana.

Ushairi wa Kiswahili nao umepitia badiliko la namna hii, ingawa kwa njia tofauti. Kitabu cha K. Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, kiliwapa watunzi na walimu wengi kipimo cha vina na mizani. Miaka ishirini baadaye, diwani ya Euphrase Kezilahabi, Kichomi, ya mwaka 1974, ilileta tungo zisizofuata kipimo hicho, na mjadala mkali ukazuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Mjadala huo haukumpokonya mtu haki yake, kwa sababu msomaji hana filimbi. Anayependa vina atavisoma, na asiyependa atasoma vingine. Lakini shairi hilo hilo likipelekwa katika tamasha la shule, ambako jaji huketi na karatasi ya alama, hali hubadilika. Mwalimu wa kikundi anahitaji kujua mapema kama shairi huru litapokelewa au litakatwa alama. Mgogoro ambao katika fasihi ni neema, katika mashindano huwa mtego usipotatuliwa kabla ya siku yenyewe.

3.2 Mabadiliko yaliyoahidiwa

Aina ya pili ni ya ajabu kidogo. World Robot Olympiad, mashindano yaliyofanya fainali yake ya kwanza ya kimataifa nchini Singapore mwaka 2004, yana desturi ya kutangaza kanuni ya ghafla asubuhi ya mashindano. Timu zilizofanya mazoezi kwa miezi hupewa sharti jipya au kazi ya ziada ambayo hakuna aliyeijua jana yake. Kwa miaka mingi mashindano hayo pia yaliwataka wanafunzi waiunde roboti upya ukumbini, kutoka vipande vilivyotenganishwa, bila kutazama maelezo ya uundaji.

Kwa mtazamo wa haraka, huku kubadilisha mambo siku ya mwisho ni kinyume cha haki. Uchambuzi unaonyesha vingine. Kwanza, kuwapo kwa kanuni ya ghafla kumeandikwa katika mwongozo, hivyo kisichojulikana ni yaliyomo tu. Pili, timu zote huisikia kwa wakati mmoja. Tatu, zote hupewa muda wa kujirekebisha. Nne, kusudi lake ni kupima kile ambacho mashindano yanadai kupima, yaani uwezo wa mwanafunzi mwenyewe wa kufikiri, na si uwezo wa mkufunzi aliyemwandikia programu nyumbani. Kanuni ya ghafla, basi, ni mtihani ulio ndani ya mchezo. Mfano huu unatufundisha kwamba ghafla peke yake si dhuluma. Dhuluma ni ghafla isiyoahidiwa, au inayowafikia wengine jana na wengine leo.

3.3 Mabadiliko ya katikati ya safari

Aina ya tatu ndiyo chanzo cha machungu. Msimu umeanza, timu zimejenga, na kanuni inabadilishwa. Waandaaji huwa na sababu mbili kuu. Mara nyingine kanuni ilikuwa na kosa au hatari, kwa mfano betri inayoweza kuwaka moto. Hapa badiliko ni la lazima, na hakuna mwenye akili timamu atakayelipinga. Mara nyingine timu moja imegundua mwanya, na waandaaji wanataka kuuziba.

Sababu hii ya pili inahitaji uangalifu. Mwaka 2002, katika mashindano ya FIRST nchini Marekani, timu nambari 71 kutoka Hammond, Indiana, iliunda roboti iliyokamata magoli yote matatu yanayosogezwa uwanjani, kisha ikajikokota kwa miguu iliyong'ang'ania zulia, badala ya magurudumu ambayo wapinzani wangeweza kuyasukuma. Wengi walishangaa, na wako walioona kwamba mchezo umeharibiwa. Lakini timu hiyo, pamoja na washirika wake wawili, iliondoka na ubingwa. Ilikuwa imezisoma kanuni kuliko wengine na kuona kile ambacho hazikukataza. Kama kanuni ingegeuzwa katikati ya msimu ili kuizuia, somo ambalo wanafunzi wangepata ni kwamba ubunifu huadhibiwa unapofanikiwa mno. Mwanya hauna budi kuzibwa, lakini wakati wake ni msimu unaofuata, isipokuwa kama unahatarisha mtu.

Zaidi ya hayo, badiliko la katikati ya safari huonekana la usawa ilhali mzigo wake haulingani. Shule yenye maabara, mashine ya kuchapa vipuri na wakufunzi wanne itairekebisha roboti yake kwa siku mbili. Shule ya mashambani huko Saboti au kwenye miteremko ya Mlima Elgon, yenye seti moja ya vipuri inayotumiwa na kikundi kizima, haiwezi kununua injini nyingine juma moja kabla ya safari. Kanuni imewaambia wote maneno yale yale, lakini imewatoza bei tofauti. Hapa ndipo tofauti ya usawa na haki, iliyotajwa katika sehemu ya pili, inapodhihirika.

4.0 Lugha ya kanuni

Kanuni ni maandishi kwanza kabla ya kuwa filimbi. FIRST LEGO League, mashindano ya watoto yaliyoanza kwa majaribio mwaka 1998, yamejenga mapokeo yanayofaa kuigwa kuhusu namna ya kuyasoma maandishi hayo. Neno la kanuni huchukuliwa kwa maana yake ya wazi, na lisilotajwa halihesabiwi kuwa limekatazwa kwa dhana tu. Maandishi yakipingana na picha, maandishi hushinda. Ufafanuzi mpya unaotolewa msimu ukiwa unaendelea huchapishwa kwa wote, nao hushinda maandishi ya awali. Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kwamba haya ni masharti ya ufasiri, yale yale yanayojadiliwa katika semantiki na pragmatiki.

Nchini Kenya miongozo mingi ya mashindano ya sayansi imeandikwa kwa Kiingereza, kisha hufafanuliwa kwa mdomo, mara nyingi kwa Kiswahili, na mwalimu au msimamizi. Katika safari hiyo kutoka lugha moja hadi nyingine, mengi huweza kupotea. Saa ni mfano rahisi: "saa nne" ya Kiswahili na saa 10 ya Kiingereza ni wakati mmoja, na anayechanganya hesabu hizo hukuta mlango umefungwa. Kitenzi "weza" ni mfano mgumu zaidi. Mtu akisema "roboti inaweza kugusa ukuta", je, anatoa ruhusa au anaeleza uwezekano? Mwandishi makini ataandika "inaruhusiwa kugusa" au "isiguse", na kuliacha neno "inaweza" lieleze uwezo tu. Vivyo hivyo, "ndani ya mstari" haitoshi. Sharti ielezwe kama kifaa kihesabiwe kikiwa kimo chote ndani, au hata sehemu yake tu ikitosha, na kama mstari wenyewe ni sehemu ya eneo.

Hata hivyo, si haki kukiona Kiswahili kuwa ni lugha ya utata. Mfumo wake wa ngeli hutatua baadhi ya migogoro ambayo Kiingereza huizua. Ichukuliwe sentensi hii: "Roboti ikikisukuma kijiti nje ya mstari, kitarudishwa." Kiambishi "ki-" kinaonyesha bila shaka kwamba kinachorudishwa ni kijiti. Ikiandikwa "itarudishwa", kinachorudishwa ni roboti. Kiingereza hutumia kiwakilishi kimoja kwa vyote viwili, na refa hubaki akikisia. Kanuni zilizotungwa kwa Kiswahili sanifu na watu wanaoijua lugha zingeweza kuwa wazi kuliko tafsiri za haraka za mdomo zinazotegemewa viwanjani. Kazi hii haiwezi kufanywa na wahandisi peke yao.

5.0 Mwamuzi na mipaka yake

Kanuni njema mikononi mwa mwamuzi mbaya ni kama jembe zuri mikononi mwa mvivu. Methali mbili za Kiswahili zimeliona tatizo hili zamani. Ya kwanza ni "mwamba ngoma huvuta kwake", inayomhusu mwenye maslahi katika jambo analolisimamia. Ya pili ni "kesi ya nyani hakimu ngedere", inayomhusu mlalamikaji anayelazimika kupeleka shauri lake kwa ndugu wa mshtakiwa. Katika ngazi za chini za mashindano ya shule, waamuzi wengi huwa walimu, na mwalimu huwa na shule. Haimaanishi kwamba walimu si waadilifu. Maana yake ni kwamba mfumo usimweke mtu mahali ambapo uadilifu wake hauwezi kuthibitishwa hata kama upo. Jaji asiikague kazi ya shule yake, wala ya shule anayoshindana nayo moja kwa moja.

Hapa mpangilio wa majimbo nao hauna budi kutazamwa. Trans Nzoia, yenye makao makuu Kitale, hushindana katika kanda ya Bonde la Ufa, ilhali jirani yake Bungoma yumo katika kanda ya Magharibi. Shule mbili zinazotazamana ng'ambo ya mpaka wa kaunti huweza kupeleka kazi za kiwango kimoja mbele ya majopo mawili yasiyokutana kabla ya fainali ya taifa. Moja ikapita, nyingine ikabaki. Dawa yake si kuvunja kanda, bali ni majopo yote kutumia karatasi moja ya alama, yenye maelezo ya kila alama, na kutolewa nakala yake kwa washindani.

Mapokeo ya mashindano ya roboti yana mambo mawili ya kuigwa kuhusu uamuzi. La kwanza ni kwamba katika FIRST LEGO League refa huzipitia alama pamoja na wanafunzi pale mezani, mchezo unapomalizika, kabla vifaa havijaondolewa. Ikitokea shaka ya kweli isiyoweza kutatuliwa, timu hupewa faida ya shaka hiyo. La pili ni kwamba katika mashindano ya FIRST ya vijana wakubwa, anayeruhusiwa kumuuliza refa mkuu swali kuhusu uamuzi ni mwanafunzi mwakilishi wa timu, si mkufunzi wala mzazi. Utaratibu huu huondoa makelele ya watu wazima, na humfundisha kijana kutetea hoja yake kwa adabu. Mashindano hayo hayo, hata hivyo, kwa miaka mingi hayakumruhusu refa kutazama video ili kubadilisha uamuzi. Wako wanaoona kwamba hilo ni kukataa ushahidi. Lakini lina mantiki yake ya haki: si kila timu ina mtu wa kupiga picha, na ushahidi ambao tajiri peke yake anao huweza kuongeza pengo badala ya kulipunguza.

Mwamuzi pia hana budi kutenganisha kazi na mtu. Historia ya fasihi ya Kiswahili ina mfano wa kutia moyo. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha kisiasa, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalitoka mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakatunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo hiyo ilibeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Waamuzi waliusoma ushairi, wakautuza ushairi.

6.0 Jukwaa la drama: matukio ya 2013 na 2025

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Magharibi ya Kenya unatoka katika tamasha la taifa la drama. Mwaka 2013 mchezo Shackles of Doom, ulioandikwa na Cleophas Malala na kuigizwa na Shule ya Wasichana ya Butere, katika Kaunti ya Kakamega, ulipigwa marufuku usifike katika ngazi ya taifa. Ulikuwa umegusa ugawaji wa rasilimali na ukabila. Okiya Omtatah alikwenda mahakamani, na Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu akaiondoa marufuku hiyo, akizingatia uhuru wa kujieleza ambao Katiba ya mwaka 2010 inaulinda katika ibara ya 33.

Miaka kumi na miwili baadaye jambo lilijirudia kwa ukali zaidi. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo iliandaa Echoes of War, mchezo wa mwandishi huyo huyo, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amewahi kuwa seneta. Uliondolewa katika mashindano, na Mahakama Kuu ikaamuru urejeshwe katika tamasha la taifa lililofanyika Nakuru mwezi wa Aprili. Malala alikamatwa usiku wa kuamkia onyesho. Tarehe 10 Aprili wanafunzi walipanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, wakilalamika kwamba hawakuwa na vyombo vya sauti wala hadhira. Polisi walitumia gesi ya machozi kutawanya watu. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji nafasi ya mwanasiasa katika kuandaa mchezo wa wanafunzi ilhali yeye si mwalimu.

Hoja ya Waziri haifai kutupwa bila kupimwa. Inawezekana kabisa mashindano ya wanafunzi yakaweka kanuni kwamba miswada itungwe na walimu au wanafunzi. Hata mashindano ya roboti yanazuia mikono ya watu wazima. Lakini kanuni ya namna hiyo haina budi kupita katika mizani ile ile: iandikwe mapema, ijulikane na shule zote, itekelezwe kwa shule zote, na iulizwe mwanzoni mwa safari, wakati mswada unaposajiliwa. Sharti likikumbukwa baada ya mchezo kuwaudhi wakubwa, na likamwangukia mshindani mmoja tu, hata likiwa jema kwa maneno yake, limekuwa baya kwa wakati wake.

Somo la pili la Nakuru ni la mipaka ya mahakama. Ibara ya 47 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu wa kiutawala ulio wa haki, na Sheria ya mwaka 2015 kuhusu jambo hilo imeifafanua. Mahakama iliweza kuamuru wasichana wapewe jukwaa. Haikuweza kuwapa mazoezi tulivu, vyombo, watazamaji na majaji wanaosikiliza. Mashindano ni tukio la saa moja, na saa hiyo ikipita hairudishwi kwa hati ya hakimu. Kwa hiyo haki ya mshindani hulindwa vyema zaidi ndani ya uwanja, kwa utaratibu wa rufaa unaomalizika siku hiyo hiyo, kuliko nje yake.

7.0 Pingamizi na majibu

Zipo pingamizi mbili za kawaida. Ya kwanza husema kwamba waamuzi wa wanafunzi hujitolea, na kuwabana kwa taratibu nyingi kutawakimbiza. Jibu ni kwamba utaratibu ulio wazi humlinda mwamuzi kabla ya kumlinda mshindani. Refa anayeweza kuonyesha kifungu alichokitumia hatukanwi kwa urahisi kama yule anayesema "nimeamua basi".

Pingamizi ya pili husema kwamba dunia haina haki, hivyo ni vizuri mtoto ajifunze mapema kuvumilia. Hii ndiyo tafsiri duni ya methali "asiyekubali kushindwa si mshindani". Methali hiyo inazungumzia kushindwa, na kushindwa kuna masharti yake: pawe na mchezo, na mchezo uwe na kanuni. Aliyeondolewa kwa kanuni iliyotungwa baada yake hakushindwa. Alizuiwa. Kumtaka akubali ni kumfundisha utii mahali ambapo angefundishwa uanamichezo.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo matano kwa waandaaji wa mashindano ya wanafunzi, yawe ya roboti, ya sayansi au ya sanaa. Kwanza, pawekwe tarehe ambayo baada yake kanuni haitabadilishwa ila kwa sababu ya usalama. Pili, kila ufafanuzi utolewe kwa maandishi na kwa shule zote kwa wakati mmoja, ukiwa na nambari na tarehe. Tatu, kanuni ziwe na nakala ya Kiswahili iliyohaririwa na wanaoijua lugha, na isemwe wazi ni nakala ipi inayoshinda zikitofautiana. Nne, mwamuzi atangaze uhusiano wake na shule zinazoshindana, na ajiondoe inapobidi. Tano, pawe na rufaa fupi, inayowasilishwa na mwanafunzi mwenyewe na kujibiwa kabla ya matokeo kutangazwa.

Pendekezo la tatu linavihusu vyama vya wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Vyuo vikuu vya Magharibi ya Kenya, kama vile Kibabii kilichoko Bungoma na Masinde Muliro kilichoko Kakamega, vina wanafunzi wanaosoma tafsiri, semantiki na uhariri. Mwongozo wa kurasa thelathini wa mashindano ya roboti ni zoezi bora la tafsiri kuliko vifungu vingi vinavyotolewa darasani, kwa sababu kosa lake huonekana uwanjani, na anayelilipia ni mtoto.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kubadilika kwa kanuni si kosa kwa jambo lenyewe. Kandanda imebadilika, ushairi umebadilika, na mashindano ya roboti hubadilika kila mwaka. Kinachopima haki ni wakati wa badiliko, uwazi wake, mzigo wake kwa wanyonge, na mtu anayelitekeleza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyeshinda usiku akifunga skrubu kwa mwanga wa taa, au akikariri mistari ya mchezo, hana wakili wala msemaji. Ana karatasi ya kanuni tu. Ikiwa karatasi hiyo ni ya kweli, akishindwa atakubali, na atakuwa mshindani. Ikiwa si ya kweli, wenye deni ni walioiandika.